Ukurasa wa Mwambao

Katika maktaba ya shule ya wasichana nilikofundisha Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, palikuwa na ensaiklopidia ya Kiingereza, juzuu nzito zenye majalada mekundu, iliyoachwa na Mzungu mmoja alipofunga nyumba yake ya ufukweni na kurejea kwao. Wasichana walizitumia juzuu hizo kukandamizia vitambaa vya somo la ushonaji. Mimi niliifungua siku ya kwanza kama afanyavyo kila mtu akiona kitabu kinachodai kujua yote: nikatafuta kwetu.

Malindi ilipewa aya moja. Nguzo ya Wareno imetajwa. Ametajwa pia twiga aliyetoka bandarini kwetu akapelekwa kwa mfalme wa Uchina, na twiga huyo ameelezwa kwa mapenzi, hata mshangao wa Wachina waliomwona umesimuliwa. Waliomkamata, waliomlisha njiani na waliompakia chomboni hawamo. Kwenye ramani ya ukurasa wa pili, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kutoka Vanga hadi Kipini, ulichorwa mistari ya mshazari, na chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba hiyo ni milki ya Sultani wa Unguja iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza. Chapa ile ilikuwa ya kabla ya uhuru.

Nikaazima ile juzuu nikampelekea baba.

Baba alikuwa mjane, muuza vitambaa, mtu wa maneno machache. Lakini ujanani alikuwa karani katika ofisi ya liwali, yule mwakilishi wa Sultani mjini kwetu, na kila asubuhi kabla ya kuketi mezani aliiona bendera nyekundu ikipandishwa. Siku za kuelekea uhuru alikuwa miongoni mwa waliotaka Mwambao, ule ukanda wa pwani, usimame peke yake. Walishindwa. Baada ya hapo sikumsikia akilitamka neno Mwambao mbele ya wageni. Nyumbani kwetu lilikuwa kama jina la marehemu: tulijua analikumbuka, hatukumuuliza.

Alivaa miwani akaitazama ramani kwa muda, kisha akaweka kidole.

"Hapa ndipo nilipozaliwa," akasema.

Nilidhani anaonyesha Malindi. Nilipotazama vizuri, kidole chake hakikuwa penye jina la mji. Kilikuwa kwenye ile mistari.

"Na chapa za sasa?" akauliza.

"Za sasa hazina mistari, Baba."

Akafunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Haukupita muda mrefu, wachapishaji fulani wa Nairobi wakaanza kukusanya ensaiklopidia ya Kiswahili kwa ajili ya shule. Walitafuta walimu wa kuwaandikia habari za kila upande wa nchi. Mimi nilipewa pwani ya kaskazini, kuanzia Mtwapa kupanda juu hadi Mambrui, nikaambiwa nitashirikiana na mwalimu mkuu mstaafu anayekaa Tezo, karibu na Kilifi, mtu aliyesomesha historia maisha yake yote. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba jambo likishaandikwa vizuri kitabuni, basi limesuluhishwa.

Mwalimu alikuja kwetu Jumamosi asubuhi. Alikuwa Mgiriama, mrefu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Jumapili alisoma masomo kanisani, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi benchi la nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia.

"Marahaba, binti yangu. Kabla hatujaandika hata herufi, tuelewane neno moja. Vitabu vyote vya Waingereza vinasema Wagiriama waliasi. Mtu huasi serikali yake. Sisi tulipigana na watu waliokuja kutuhamisha ng'ambo ya mto Sabaki, wakachoma nyumba, wakalipua kaya yetu, mji wetu mtakatifu, kwa baruti. Ile ilikuwa vita. Kitabu kikiandika uasi, mimi simo."

Baba alikuwa ameketi ukumbini, mlango uko wazi, anajifanya anakunja vitambaa. Akasema kutoka huko huko, "Lakini Mwalimu, mafaili ya ofisini yaliandika uasi."

Mwalimu akageuka. Hakuwa amemwona. "Hujambo, mzee mwenzangu. Na hao walioandika, walikuwa wamekaa upande gani wa mto?"

Baba akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama afariki.

"Upande wenye kiti," akasema, akaja kuketi nasi.

Tukaandika "Vita vya Wagiriama". Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa herufi ya M.

Sikujua jinsi jambo lile lilivyokuwa gumu mpaka nilipokisoma kwa sauti kile kichwa cha habari, MWAMBAO, na wazee wawili wakanyamaza kwa namna mbili tofauti. Baba aliinamisha kichwa. Mwalimu alikunja uso.

"Andika," baba akaanza polepole, "kwamba palikuwa na mkataba. Kwamba nchi hii ilikuwa na mwenyewe, Mwingereza aliipanga tu kama mtu anavyopanga nyumba. Kwamba kadhi wetu, mahakama yetu, bendera yetu, vyote vilitambuliwa. Halafu uhuru ukaja, nyumba ikapewa mwingine, na mwenye nyumba hakuulizwa."

"Mwenye nyumba yupi?" Mwalimu akauliza.

"Sisi."

"Sisi akina nani, mzee? Maana mimi nami nilizaliwa ndani ya hizo maili kumi. Wewe ukiiona ile bendera uliona heshima. Baba yangu akiiona alijua amefika mahali ambapo akipanda mkorosho, mti ni wake lakini udongo si wake. Tulizaliwa humo humo, tukazikana humo humo, tukaitwa maskwota."

"Mimi sikumwita baba yako skwota."

"Hukumwita," Mwalimu akasema. "Uliandika."

Baba akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Mwalimu akakusanya vitu vyake, akaenda zake stendi. Nilibaki na karatasi yenye neno moja juu yake. Nilijua kazi imekufa hapo.

Jumamosi iliyofuata nilipoamka nilikuta baba ameshaitoa meza barazani. Ameagiza mahamri na mbaazi, ameandaa chai ya tangawizi na vikombe vizuri, vile vya wageni. Mwalimu akatokea saa ile ile ya kawaida, naye hakusema kwa nini amerudi. Walikula. Baba akafuta vidole, akasema, "Nimefikiri juu ya ule mkorosho."

"Nami nimefikiri juu ya kadhi," Mwalimu akajibu. "Ni kweli watu wa mji walikuwa na hofu. Sisi tuliicheka hofu yao."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Sijapata kuona watu wakigombana kwa adabu namna ile, Jumamosi baada ya Jumamosi, mvua za mwaka zikaja zikapita. Waligombania kitenzi kimoja hadi chai ikapoa. Mwambao ulifanywa nini siku ya uhuru? Baba alitaka "ulitwaliwa". Mwalimu alitaka "ulirudishwa". Mimi, kwa kutaka amani, nikapendekeza "uliungana na Kenya", wote wawili wakanigeukia kwa pamoja.

"Nani aliungana?" baba akasema. "Mimi sikuungana na mtu."

"Wala mimi," Mwalimu akasema. "Muungano ni wa watu waliokaa wakaongea."

Siku nyingine wakalijaribu "uliingizwa", wakaliacha kwa kuwa linafanana na kuingizwa jela. Mwishowe baba ndiye aliyesema, "Tia 'ulitiwa'. Sukari hutiwa chaini. Haisemwi kama ilipenda." Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaandika. Nayakumbuka maandishi yale neno kwa neno, kwa sababu niliyapiga chapa mwenyewe kwenye mashine ya shule:

"Mwambao ni ukanda wa pwani uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja, ukatawaliwa na Waingereza kwa niaba yake kwa mkataba. Mkataba huo huo, kwa baadhi ya wakazi ulikuwa ngao ya dini na miji yao. Kwa wengine ndio uliowafanya wageni katika ardhi ya babu zao. Kenya ilipopata uhuru Mwambao ulitiwa ndani yake. Wakazi hawakuwa na kauli moja juu ya jambo hili, na hata leo hawana."

Sentensi ile ya mwisho ilikuwa ya wote wawili. Baba alianza, Mwalimu akamalizia. Wakaongeza na ramani ndogo yenye mstari hafifu wa nukta, na chini yake: mpaka wa zamani.

Siku tuliyomaliza, Mwalimu alisema hajapata kuiona ile nguzo ya Wareno kwa karibu, ingawa ameisomesha miaka yote. Baba naye hakuwa amefika kule tangu alipokuwa karani. Tukaenda kwa miguu, jua la alasiri likiwa limepungua ukali. Walisimama chini ya ule msalaba mweupe juu ya mwamba, mmoja na kanzu, mwingine na koti lake la kanisani, wakibishana kama nguzo iwekwe kwenye N au kwenye W ya Wareno. Wakaja watalii, kundi zima na kamera zao. Mmoja wao, mama mnene mwenye uso uliounguzwa na jua, akawaashiria wazee kwa mkono, kwa tabasamu, wasogee kidogo. Walikuwa wanaziba picha.

Wakasogea. Baba akasema, "Samahani," kwa Kiingereza cha ofisini. Tukashika njia ya kurudi. Tulipofika mtaa wa Shela, Mwalimu ghafla akaanza kucheka, baba naye akacheka, wakashikana mkono wakicheka hadi watu wa barazani wakatutazama. Nikiulizwa siku niliyoipenda zaidi katika miaka ile, ni hiyo.

Baada ya hapo wakawa marafiki. Mwalimu alikuja hata wakati hakuna kazi, na korosho zilizochomwa kwao. Mwanawe alipooa, baba alimpelekea kitambaa cha suti, akakaa harusini kanisani kwenye benchi la mbele, kofia mapajani, hajui wakati wa kusimama wala wa kuketi.

Mhariri wa Nairobi alikuja kuchukua maandishi. Alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye mafua yasiyokwisha, na Kiswahili chake kilikuwa safi ingawa kilinyooka mno kama barabara mpya. Tulimsomea kila kitu. Alipousikia ukurasa wa Mwambao akasema, "Wazee wangu, hii ni kazi kubwa." Alisema kweli, na sikuona kwamba ndani ya sifa ile hamkuwa na ahadi yoyote. Baba akamtembeza mjini, wao wawili tu, akamwonyesha ilipokuwa ofisi ya liwali. Mchana mhariri akaondoka na gari lake kwenda Mombasa, na kwa kuwa njia ni moja, akampakia Mwalimu ampeleke kwao. Feri ya kuvuka mkono wa bahari wa Kilifi ilichelewa siku hiyo, na Mwalimu, kwa adabu yake, hakushukia Tezo. Alikaa na mgeni wake kwenye foleni mpaka feri ikaja. Watu waliwaona wakizungumza kwa muda mrefu.

Naeleza haya kwa sababu baadaye yalihesabiwa.

Miaka ile watu walipima maneno. Mtu aliweza kuulizwa sababu ya kuwa na kitabu fulani, au kwa nini alicheka mahali fulani. Sisi wa Malindi tulidhani hayo ni mambo ya Nairobi, ya vyuo vikuu na wakubwa. Tulisubiri kitabu chetu kama watu wanaosubiri mgeni wa meli.

Kilikuja shuleni ndani ya sanduku, jalada la kijani linalong'aa, kikinukia gundi. Sikukipeleka darasani. Nilikipeleka nyumbani, nikamfungulia baba.

Mwanzoni, kwenye ukurasa wa shukrani, majina yao yalikuwepo, la baba na la Mwalimu, moja baada ya jingine, kwenye mstari mmoja. Baba alilipapasa jina lake. Kisha akafungua herufi ya M, na nikaona miwani yake imesimama.

"MWAMBAO: tazama PWANI."

Tukatazama Pwani. Pwani ilikuwa eneo la mashariki ya Kenya lenye fukwe nzuri, minazi na hoteli za kitalii. Wagiriama walikuwa wakulima hodari wanaojulikana kwa ngoma zao. Vita havikuwemo, wala uasi haukuwemo. Ramani haikuwa na nukta. Nguzo ilikuwepo, na picha yake kubwa ya rangi, bila mtu. Twiga naye alikuwepo.

Baba hakupaza sauti. Alisema tu, "Walizungumza sana pale ferini."

"Nani, Baba?"

"Unajua nani."

Nilikwenda posta kesho yake nikapiga simu Nairobi, nikasubiri opereta hadi masikio yakaniuma. Mhariri aliipokea mwenyewe. Nadhani alikuwa akiitarajia, kwa sababu hakujifanya kushangaa.

"Niliutoa mimi ule ukurasa," akasema. "Hakuna aliyeniomba. Si baba yako, si mzee wa Kilifi, wala si mkubwa yeyote. Hakuna hata aliyenipigia simu. Niliusoma tena usiku wa kuamkia siku ya kupeleka kitabu kiwandani, nikaogopa."

"Lakini kule kaskazini, mpaka wa Sudan, mmechora nukta. Nimeziona. Mmeandika kabisa kwamba mpaka haujaamuliwa."

Nilisikia mafua yake kwenye waya.

"Kule ni sisi tunaodai," akasema.

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko maneno ya vitabu vyote nilivyosomesha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wadogo na kazi, na akaona kwamba mstari wa nukta unaweza kuwa salama upande mmoja wa nchi na hatari upande mwingine. Aliomba radhi. Nikamwambia nimesikia, nikakata simu.

Nilimweleza baba kila neno. Akanisikiliza, akanijibu kwa upole kama anayemsikitikia mtoto: "Mhariri atakwambia nini? Atamficha rafiki yake. Mtu wa namna ile, ardhi ndiyo kila kitu kwake. Aliona jina la Sultani kwenye kitabu cha watoto akashindwa kulivumilia."

Nikapanda basi kwenda Tezo. Mwalimu alinipokea vizuri, mkewe akanichinjia kuku. Naye kitabu alikuwa amekiona. Nilipomaliza kumweleza, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wewe ni mwema. Lakini baba yako ana binamu yake pale Mombasa, ofisi kubwa. Alimzungusha yule kijana mjini peke yao, mimi nimeachwa barazani. Ulidhani walikuwa wanaonyeshana majengo? Mji haukutaka neno lile kuhusu ardhi liandikwe. Vita vyetu vilitoka kwa sababu hiyo hiyo."

"Lakini na cha kwake kimetoka, Mwalimu. Vyote vimetoka."

"Ndiyo. Waliona bora vikose vyote."

Nilikwenda tena, na tena. Nilimwambia baba, nikamwambia Mwalimu. Kila mmoja alinisikiliza kwa heshima na kila mmoja alinihurumia. Sasa nimekuwa na umri waliokuwa nao wao, nadhani naelewa kilichowazuia. Kama mwenzako amekusaliti, basi angalau ulichoandika kilikuwa na uzito, kulikuwa na mtu aliyekihofia akakipiga vita. Lakini kuambiwa kwamba kijana mmoja mwenye mafua alikiondoa kwa kalamu kabla ya kulala, bila kuamriwa, bila hata kumchukia mtu, hilo ni gumu zaidi kulimeza. Wazee wangu walichagua kupoteza rafiki kuliko kukubali kwamba hapakuwa na adui.

Jumamosi zikawa siku kama siku nyingine. Meza ya barazani ikarudishwa ndani. Baba aliuza vitambaa vyake, jioni akaenda msikitini akarudi. Wasichana wangu shuleni wakanakili kutoka kwenye kitabu cha kijani kwamba Pwani ina fukwe nzuri, na mimi nikasimama ubaoni nikawaambia yaliyokosekana, kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa. Wengine waliandika. Wengi walingoja niwaambie kama hilo litakuja kwenye mtihani.

Miaka ya themanini ilipokuwa inaishia, baba akaanza kuumwa figo. Alidhoofika haraka. Nilimpelekea Mwalimu habari kupitia kwa mkewe niliyemkuta sokoni Kilifi, sikuomba lolote, nikasema tu kwamba mzee hajiwezi.

Akaja. Nilipomwona mlangoni na koti lake la kanisani na kifurushi cha korosho, nilimpokea kile kifurushi. Nikamwingiza chumbani. Baba alimtazama kwa muda, halafu akasema, "Mwalimu. Mwaka huu mikorosho imezaa?"

"Imezaa, mzee. Lakini ugonjwa wa majani umeingia."

"Mkaitia dawa?"

"Tulitia. Mvua ikaiosha."

Nilikaa pembeni nikisubiri. Nilisubiri waseme. Wakazungumza korosho, bei ya nazi, mwana wa Mwalimu aliyepata mtoto wa pili, barabara ya Mambrui. Baba alicheka mara mbili. Alijiinua kwenye mto ili amsikie vizuri. Alikuwa na furaha, hilo siwezi kulikana, uso wake ulikuwa umefunguka kama zamani. Kisha akachoka, Mwalimu akasimama, akamshika mkono, akasema atarudi baada ya Pasaka. Baba akasema, "Inshallah."

Alifariki kabla ya Pasaka.

Siku za matanga nyumba ilijaa. Nilikuwa ndani na wanawake nilipoambiwa kuna mgeni ananiulizia. Mwalimu alikuwa amesimama nje ya baraza, mbali kidogo na majamvi ya wanaume, kama mtu asiye na hakika ameruhusiwa kufika wapi. Alinipa pole. Nikaipokea. Hakuondoka.

"Nilikwenda Nairobi mwaka jana," akasema. "Kwa mambo ya mwanangu. Nikapita kwa wale wachapishaji. Yule mhariri bado yupo."

Nikasogea karibu nimsikie.

"Aliniambia vile vile ulivyoniambia wewe. Neno kwa neno. Aliniambia aliogopa." Sauti ile iliyozoea benchi la nyuma haikuwa inafika hata kwangu sawasawa. "Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshajua."

"Kabla ya kuja kumwona Baba?"

"Kabla. Ndilo nililojia siku ile. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikaingia, nikamkuta ananiuliza korosho, amefurahi namna ile. Nikasema moyoni, leo nimwache afurahi, nitamwambia nikija tena." Akaikunja kofia yake mikononi. "Mimi nimemuaga mzee akiniwazia vile alivyoniwazia, kwamba ni mimi niliyeutoa ule ukurasa. Nami ningeweza kuliondoa lile kwa sentensi moja."

Nilitaka kumlaumu. Nilitafuta ndani yangu hasira ya kutosha, na sikuipata. Nilitaka pia kumwambia kwamba baba alijua, kwamba mtu hajiinui kwenye mto kumsikiliza mtu anayemdhania mwovu. Huenda ni kweli. Lakini sikuwa na hakika, na mbele ya Mwalimu sikuweza kusema nisilolijua. Tulisimama pale, yeye na mimi, na Kurani ikisomwa ndani.

"Njoo ule, Mwalimu," nikasema hatimaye.

"Sina njaa, mwanangu."

"Njoo hata hivyo."

Nikamshika mkono, nikampeleka jamvini, kati ya ndugu za baba. Alivua viatu akaketi kwa shida, magoti yake marefu hayajui pa kwenda. Mmoja wa wajomba zangu akasogea kumpa nafasi, akamvutia sinia la wali karibu, bila kumuuliza ni nani.